Mfungwa Mbele ya Mahakama
Somo la mwezi kwa walimu na wasomaji wa sharika

Kuna methali isemwayo sana katika nchi yetu: Mnyonge hana haki. Wengine huitaja kwa uchungu, na wengine huitaja ili kumnyamazisha mwenzao. Tena ni nani aliye mnyonge kuliko mfungwa? Mlango wake hufungwa na mtu mwingine, chakula chake hupimwa na mtu mwingine, hata saa yake ya kulala na kuamka huamriwa na mtu mwingine. Je, mtu wa namna hii aweza kuishitaki serikali iliyomfunga? Na akiishitaki, aweza kushinda? Katika somo hili twataka kulijibu swali hilo kwa mambo yaliyotokea kweli, tena la kwanza lilitokea karibu nasi, ng'ambo ya ziwa letu.

Jambo hili latuhusu sisi wa Kigonsera na wa nchi yote ya Mbinga hata pwani ya Nyasa. Gereza la Kitai li katika wilaya yetu, na gereza la Songea si mbali. Waliomo ndani yake ni wana wa watu, wengine majina yao yameandikwa katika vitabu vya sharika zetu. Mwalimu asiyejua habari za gereza atawaambia nini mama na mke wanaomjia na kumwuliza habari za mtu wao?

1. Shauri la Malawi

Katika nchi ya Malawi alikuwako mfungwa jina lake Gable Masangano. Alikuwa amehukumiwa kifungo cha miaka 12 kwa kosa la unyang'anyi wa kutumia nguvu. Mwaka 2007 lilifunguliwa shauri lake katika Mahakama Kuu, kwa jina lake mwenyewe na kwa niaba ya wafungwa wote wa Malawi. Walioshitakiwa ni Mwanasheria Mkuu wa Serikali, Waziri wa Mambo ya Ndani na Mkuu wa Magereza. Katika shauri hilo Masangano hakuuliza habari za hatia yake, wala hakuomba afunguliwe. Aliuliza neno moja tu: Je, hali tunayowekwa humu ni halali?

Aliyoyalalamikia yalikuwa mambo ya kila siku. Chakula hakikutosha, wala hakikuwa kile kilichoandikwa katika kanuni za magereza. Nguo na vitu vya kulalia vilipungua au havikuwapo kabisa. Vyumba vilijaa watu kupita kiasi, hata hewa ikawa nzito. Wagonjwa walikosa matibabu yapasayo. Alisema kwamba mambo hayo ni mateso na ni kumtweza mtu, nayo Katiba ya Malawi ya 1994 yayakataza. Maana Katiba hiyo yaagiza kwamba kila aliyefungwa awekwe katika hali ipatanayo na utu wake, apewe chakula cha kutosha na matibabu kwa gharama ya serikali, hata na vitu vya kusomea na kuandikia.

Serikali haikusema kwamba magereza yana nafasi tele. Ilijibu kwamba fedha za nchi ni chache, na kwamba wafungwa huongezeka. Jibu hilo si la kuchekwa. Malawi ni nchi maskini, kama zilivyo nchi nyingi za Afrika, na mwenye kijiji chenye njaa aweza kuuliza kwa haki kwa nini gereza litangulie.

Tarehe 9 Novemba 2009 majaji walitoa hukumu yao. Walisema kwamba kuwasonga watu katika chumba kisicho na hewa, wasipate nafasi ya kukaa wala ya kulala kama watu, ni kinyume cha utu na ni kinyume cha Katiba. Walifananisha hali hiyo na samaki wadogo waliopangwa katika kopo. Sisi wa Nyasa tungesema, kama usipa katika tenga. Tena walisema kwamba kanuni za magereza ndizo kiwango cha chini kabisa, na uchache wa fedha hauwezi kuwa udhuru wa kushuka chini ya kiwango hicho. Basi wakaiamuru serikali ipunguze msongamano kwa nusu katika muda wa miezi 18, kisha iendelee kuupunguza hata uishe. Itengeneze njia za hewa. Na itimize kanuni zake yenyewe za chakula, nguo na vifaa vya chumbani.

Yafaa tuiangalie vema hukumu hii. Haikumtoa Masangano gerezani. Haikusema kwamba unyang'anyi ni jambo dogo. Ilisema tu kwamba mwenye kumfunga mtu amejitwika mzigo wa kumtunza, naye hana ruhusa ya kuutua njiani.

Na matokeo yake? Hatupendi kuwadanganya wasomaji. Miezi 18 ilikwisha katikati ya mwaka 2011, na msongamano ulikuwa haujaisha. Katikati ya miaka ya 2010 wafungwa wa Malawi walizidi 12,000, hali nafasi zilizojengwa zilikuwa chache sana kuliko idadi hiyo. Basi mtu atasema kwamba kazi ilikuwa bure. Sivyo. Hukumu ile imebaki kuwa kipimo. Tangu siku ile, kila akaguaye gereza la Malawi ana neno la mahakama mkononi mwake, naye aweza kuuliza: Mliamriwa hivi, mmefanya nini? Mafundi huanza kwa kupiga kamba, ndipo hujenga ukuta. Kamba haijengi, lakini pasipo kamba hakuna ajuaye kama ukuta umepinda.

2. Tutenganishe mambo matatu

Watu wengi huchanganya mashauri, kisha hupoteza fedha na siku. Mwalimu ayatenganishe kwa wazi.

Jambo la kwanza ni rufani. Hapa mtu asema: Sikutenda kosa lile, au adhabu niliyopewa yapita kiasi. Aomba mahakama ya juu iitazame hukumu tena.

Jambo la pili ni dhamana. Hapa mtu bado hajahukumiwa, ni mahabusu tu, naye aomba akae nyumbani akingoja siku ya shauri lake.

Jambo la tatu ndilo la somo letu: shauri juu ya hali ya kifungo. Hapa haiulizwi kama mtu ana hatia au hana. Mwenye hatia na asiye na hatia wote wawili wana haki ya kulileta, maana wote wawili wana mwili uumwao na njaa na baridi.

Msingi wake ni huu: adhabu ni kifungo chenyewe. Hakimu amwambiapo mtu, "Miaka mitano," amemwondolea uhuru wake kwa miaka mitano. Hakusema, "Miaka mitano na kifua kikuu." Hakusema, "Miaka mitano na kulala umesimama." Lolote linaloongezwa juu ya hukumu pasipo sheria si adhabu tena, ni dhuluma, hata ikiwa aliyeongezewa ni mwizi kweli.

Msingi huu si wa jana. Mwaka 1911 palikuwa na mgomo wa watu wa tramu mjini Johannesburg, na watu wawili walikamatwa kwa ajili yake. Wakiwa mahabusu, kabla ya kuhukumiwa, waliwekwa kila mtu peke yake katika vyumba vya adhabu. Wakamshitaki mkuu wa gereza, na mwaka 1912 mahakama ya rufani ya Afrika Kusini ikaamua kwamba wana haki ya kulipwa fidia. Jambo hilo lapata sasa miaka zaidi ya mia.

Katika siku zetu mataifa yameandika jambo lilo hilo katika kanuni. Tarehe 17 Desemba 2015 Baraza Kuu la Umoja wa Mataifa lilizikubali kanuni 122 za kuwatunza wafungwa, zikaitwa kwa jina la Nelson Mandela, aliyekaa kifungoni miaka 27. Kanuni hizo zasema kwamba kila mfungwa awe na kitanda chake na matandiko yake. Kwamba maji ya kunywa yapatikane kila ahitajipo. Kwamba matibabu yake yawe sawa na ya watu walio nje. Kwamba asiwekwe peke yake mfululizo zaidi ya siku 15. Na kwamba aweze kulalamika pasipo kuogopa kulipizwa kisasi.

3. Ugonjwa haujui ukuta

Pengine msomaji atasema, "Mambo ya gerezani yabaki gerezani." Tumpe habari mbili.

Ya kwanza ni ya Kenya. Mwezi wa Agosti 2010 watu wawili wenye kifua kikuu walipelekwa gereza la Kapsabet kwa amri ya hakimu. Kosa lao lilikuwa kuacha dawa kabla ya kuzimaliza, na sheria iliyotumiwa ilikuwa sheria ya afya iliyotungwa zamani za ukoloni, mwaka 1921. Waliamriwa kukaa gerezani miezi minane. Basi wagonjwa wa mapafu wakatiwa katika chumba kilichojaa watu, chenye hewa haba, pamoja na wafungwa wasiokuwa na ugonjwa huo. Baada ya siku 46 Mahakama Kuu ya Eldoret iliwatoa. Lakini shauri halikuishia hapo. Tarehe 24 Machi 2016 Mahakama Kuu ya Nairobi, kwa kinywa cha Jaji Mumbi Ngugi, iliamua kwamba kumfunga mgonjwa gerezani kwa sababu ya kuacha dawa ni kinyume cha Katiba. Serikali yaweza kumtenga mtu kwa ajili ya usalama wa wengine, lakini mahali pa kumtengea mgonjwa ni hospitali. Ikaiamuru serikali itunge utaratibu mpya katika siku 90.

Ya pili ni ya Afrika Kusini. Mtu mmoja jina lake Dudley Lee alikaa mahabusu katika gereza la Pollsmoor, karibu na Cape Town, tangu 1999 hata 2004. Aliingia akiwa hana kifua kikuu, akakipata humo. Mwisho wa yote mahakama ilimwona hana hatia, akaenda zake na ugonjwa alioupata akingoja. Alidai fidia, akashindwa katika rufani, akaendelea mbele. Na tarehe 11 Desemba 2012 Mahakama ya Katiba ilimpa haki. Ilisema kwamba wakuu wa gereza walijua hatari ya ugonjwa, walikuwa na wajibu wa kuuzuia, nao hawakuutimiza.

Wazee walisema, Mtego wa panya huingia waliomo na wasiokuwamo. Mahabusu si mwenye hatia mpaka ahukumiwe, lakini avuta hewa ile ile ya waliohukumiwa. Tena mfungwa hutoka. Askari wa gereza hurudi nyumbani kwake kila siku, akakaa mezani na watoto wake. Kifua kikuu cha chumba kile kitapanda basi pamoja nao, kitafika Mbinga, kitafika kijijini, kitaketi katika benchi la kanisa. Atakaye kijiji chenye afya, na alitazame gereza.

4. Sheria ya nchi yetu yasemaje?

Wazee wetu walijua gereza lisilokuwa na mlango wa mahakama. Baada ya vita vya Maji Maji Wajerumani waliwafunga wakuu wa Wangoni katika boma la Songea, na tarehe 27 Februari 1906 wengi wao walinyongwa. Hapakuwa na wakili wa kuwasemea wala rufani ya kungojea. Kila mwaka mwezi wa Februari watu hukusanyika Songea kuwakumbuka. Tukumbukapo jambo hilo tusikumbuke mashujaa tu, bali tukumbuke pia kwamba mwenye nguvu asiyeulizwa neno na mtu aweza kufanya lolote.

Leo si hivyo. Katiba ya Jamhuri ya Muungano ya 1977 ilitiwa sura ya haki za binadamu mwaka 1984. Ibara ya 13 yakataza mtu kuteswa, kuadhibiwa kinyama au kutwezwa, nayo yaagiza kwamba heshima ya mtu itunzwe hata katika kutekeleza adhabu. Ibara ya 30 yampa mtu ambaye haki yake imevunjwa ruhusa ya kufungua shauri katika Mahakama Kuu. Haikuandikwa humo, "isipokuwa wafungwa."

Mahakama zetu zimekwisha kutazama ndani ya gereza. Mwaka 1994 huko Dodoma Jaji James Mwalusanya alipima adhabu ya kunyongwa, pamoja na namna waliohukumiwa kufa wanavyowekwa wakingoja siku yao, akaamua kwamba adhabu hiyo ni ya kinyama na yavunja Katiba. Mwaka 1995 Mahakama ya Rufani ilikubali kwamba ni adhabu ya kikatili na ya kumtweza mtu, ila ikaamua kwamba Katiba yenyewe yairuhusu kwa faida ya jamii. Basi adhabu ikabaki katika sheria. Hata hivyo wafungwa wawili walioleta shauri lile walisikilizwa na mahakama kubwa kuliko zote za nchi, nalo neno lao likakubaliwa nusu.

Kuna pia Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, ambayo makao yake ni Arusha. Tangu Machi 2010 Watanzania waliweza kupeleka mashauri yao huko wenyewe, na wengi walioyapeleka walikuwa wafungwa. Tarehe 28 Novemba 2019, katika shauri la Ally Rajabu na wenzake, mahakama hiyo iliamua kwamba sheria isiyompa jaji nafasi ya kuchagua ila kuhukumu kifo yavunja haki ya kuishi, na kwamba kunyonga kwavunja heshima ya mtu. Lakini siku chache kabla ya hukumu hiyo serikali yetu ilikuwa imeondoa ruhusa ile, na tangu tarehe 22 Novemba 2020 mtu binafsi hakuweza tena kufungua huko shauri jipya juu ya Tanzania. Mwalimu alijue jambo hili, asije akampa mtu tumaini lisilo na njia.

5. Mfungwa aliyemsihi mfalme

Mashauri ya namna hii yamo hata katika Maandiko, nasi tumeyasoma mara nyingi pasipo kuyatambua. Fungueni kitabu cha Yeremia, sura ya 37 na ya 38. Nabii alikuwa amefungwa katika nyumba ya Yonathani mwandishi, mahali pa shimo. Alipoletwa mbele ya mfalme Sedekia hakuuliza habari za kifungo chake tu, bali alimsihi asimrudishe katika nyumba ile, asije akafa humo. Hayo ndiyo malalamiko juu ya hali ya gereza. Mfalme akasikia, akaamuru awekwe katika uwanja wa walinzi, na apewe mkate kila siku kutoka njia ya waokaji, maadamu mkate ulikuwapo mjini. Yeremia alibaki mfungwa, lakini alikula.

Kisha adui zake wakamtupa katika shimo lenye matope. Safari hii hakuweza kufika mbele ya mfalme. Aliyekwenda badala yake ni Ebedmeleki, Mkushi, mtu wa bara letu. Alitoka katika nyumba ya mfalme, akamkuta mfalme amekaa langoni, akamwambia wazi kwamba watu hawa wametenda vibaya, na ya kuwa nabii atakufa kwa njaa. Akapewa watu na ruhusa. Tena angalieni jambo dogo: alichukua matambara ya zamani, akamwambia Yeremia ayatie chini ya makwapa yake, ili kamba zisimkate. Hakutosheka kumtoa, aliufikiri na mwili wake.

Twaona humo watu watatu: mfungwa anenaye, mtu wa nje achukuaye neno lake, na mwenye mamlaka ajibuye. Akikosekana mmoja, mtu hufia shimoni. Mara nyingi katika nchi zetu akosekanaye ni yule wa katikati.

6. Maneno ya wapingao

Wako wasemao, "Mimi mwaminifu nalala na njaa, kwa nini mwizi alishwe?" Tumjibu kwa upole, maana njaa yake ni ya kweli. Wewe, ndugu, waweza kwenda shambani, waweza kukopa debe la mahindi kwa jirani, waweza kuhama. Yeye serikali imemfungia njia hizo zote. Amfungaye ng'ombe kambani sharti amletee majani. Akimwacha afe, hatasema kwamba ng'ombe alikuwa mkorofi.

Wengine husema, "Gereza likiwa jema, watu watapenda kuiba." Lakini waulizeni waliotoka. Hakuna atamaniye kurudi kwa sababu ya blanketi. Uhuru ukiondolewa, umeondolewa, hata chumba kikiwa safi.

Wengine husema, "Tungoje msamaha wa Rais." Msamaha ni jambo jema. Tarehe 9 Desemba 2019, katika sikukuu ya Uhuru huko Mwanza, Rais John Magufuli aliwasamehe wafungwa 5,533, naye alitaja msongamano wa magereza. Familia nyingi zilishangilia siku ile. Lakini msamaha huja siku apendayo mwenye kuutoa, nao huwafikia wale aliowachagua. Yule abakiye ndani bado ahitaji hewa usiku ule ule.

7. Yatupasayo kutenda

Kwanza, twende. Asiyeingia gerezani hajui neno. Mwalimu aende kwa ruhusa ya mkuu wa gereza na kwa utaratibu wake, tena aende mara kwa mara, si sikukuu tu. Asikilize kuliko kusema.

Pili, tuandike. Neno lisiloandikwa hupotea. Andikeni siku, mahali, jambo lililoonekana, na aliyeliona. Tenganisheni nililoliona na nililoambiwa. Msiongeze chumvi; shauri la kweli huharibiwa na uongo mdogo mmoja. Wala msiyatangaze majina ya wafungwa sokoni, wasije wakapata taabu kwa ajili yenu.

Tatu, tufuate ngazi. Mkuu wa gereza aambiwe kwanza, kwa adabu, maana mara nyingine aweza kutengeneza jambo siku ile ile. Sheria ya Magereza ya 1967 yaweka pia wakaguzi, na kati yao wamo majaji na mahakimu, walio na ruhusa ya kuingia na kusikiliza malalamiko. Iko Tume ya Haki za Binadamu na Utawala Bora, iliyoanza kazi mwaka 2001, nayo yaweza kukagua magereza na kupokea malalamiko ya wafungwa. Na kama yote hayo hayakufaa, Mahakama Kuu ina kituo chake Songea.

Nne, tutafute wakili au msaidizi wa kisheria. Sheria ya Msaada wa Kisheria ya 2017 ilitungwa kwa ajili ya watu wasio na fedha, nao walio kizuizini wamo. Shauri la Katiba si kazi ya mwalimu. Kazi yake ni kumfikisha mtu kwa ajuaye.

Tano, tusiwachukie askari wa gereza. Wao hawakujenga vyumba vile, wala hawakuwaleta watu wengi hivi. Wavuta hewa ile ile saa zote za zamu yao. Shauri lililoshinda kwa haki huwapunguzia na wao mzigo.

Sita, tuwe na subira. Masangano alingoja hukumu tangu 2007 hata 2009, na wale wa Kapsabet waliokaa ndani siku 46 waliipata baada ya miaka zaidi ya mitano. Kawia ufike.

Tulianza kwa methali, Mnyonge hana haki. Sasa twajua ya kuwa methali hiyo yasimulia jinsi watu wanavyotendeana. Haikuwekwa iwe sheria. Mnyonge ana haki, imeandikwa, na mahakama zimeitamka huko Malawi, Kenya na Afrika Kusini. Asichokuwa nacho, mara nyingi, ni miguu ya kuipeleka mahali isikiwapo. Miguu hiyo tunayo sisi.

Maswali ya kujibiwa katika mkutano wa walimu

1. Masangano alikuwa na hatia. Kwa nini hatia yake haikumzuia kusikilizwa juu ya chakula na hewa?

2. Elezeni kwa mifano ya kwenu tofauti ya rufani, dhamana, na shauri juu ya hali ya kifungo.

3. Hukumu ya Malawi haikutimizwa yote. Je, hukumu isiyotimizwa yafaa kitu? Toeni sababu.

4. Ebedmeleki alichukua matambara pamoja na kamba. Katika usharika wenu, matambara hayo ni nini leo kwa mtu aliye gerezani, na kwa mke na watoto aliowaacha?

5. Ni nani katika usharika wenu aliye na mtu wake kifungoni, na ni lini mtu yeyote alipomtembelea mwisho?